Buabua wa Aktiki: Ndege mdogo anayefukuza jua toka ncha moja ya dunia hadi nyingine

MIONGONI mwa viumbe wote wanaohamahama duniani, hakuna anayejulikana kusafiri mwendo mrefu kila mwaka kuliko buabua wa Aktiki. Nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara, ambao msafara wao huwavuta watalii kutoka pembe zote za dunia, wangeonekana kama majirani waliotoka kutembeleana iwapo mwendo wao ungelinganishwa na wa ndege huyu. Kila mwaka buabua huondoka karibu na Ncha ya Kaskazini, akavuka bahari hadi kwenye barafu ya Antaktika upande wa kusini kabisa, kisha akarejea alikotoka.

La kustaajabisha zaidi ni umbo la msafiri mwenyewe. Buabua wa Aktiki ana uzito wa takriban gramu 100, yaani sawa na mayai mawili ya kuku.

Buabua ni jina la jumla la ndege wa bahari wa jamii moja na shakwe, ila wao ni wembamba zaidi na mabawa yao yamechongoka. Wapo wa aina nyingi, na baadhi yao huonekana katika pwani ya Kenya. Huyu wa Aktiki hupewa jina hilo kwa kuwa huzaliana katika nchi za kaskazini zilizo karibu na bahari ya Aktiki: Greenland, Iceland, Norway, Urusi, Canada na Alaska, na pia katika visiwa vya Uingereza na pwani ya Uholanzi.

Wanasayansi humwita Sterna paradisaea. Jina hilo alipewa mwaka wa 1763 na mwanazuoni wa Denmark, Erik Pontoppidan, na sehemu yake ya pili yatokana na neno lenye maana ya peponi. Watu wa Iceland nao humwita kría, kwa kuiga sauti yake kali anapopiga kelele.

UMBO LAKE

Mwili wa buabua wa Aktiki ni wa kijivu hafifu juu na tumboni. Kichwani huwa na weusi uliokolea, utadhani amevaa kofia iliyovutwa hadi machoni. Mdomo wake ni mwekundu kama damu, na miguu yake, ambayo pia ni myekundu, ni mifupi mno. Akiwa ametua hutembea kwa shida, kwani maumbile hayakumtayarisha kwa matembezi ya nchi kavu.

Uzuri wake hudhihirika anaporuka. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine huwa na sentimita 75 hadi 85, ilhali urefu wake kutoka mdomoni hadi mkiani ni sentimita 33 hadi 36 tu. Mkia wake umegawanyika panda mbili ndefu kama wa mbayuwayu. Mabawa marefu na mwili mwepesi humwezesha kuteleza juu ya upepo bila kutumia nguvu nyingi, na hii ndiyo siri ya kwanza ya safari zake.

Msimu wa kuzaa unapokwisha, sura yake hubadilika. Kipaji cha uso huwa cheupe na mdomo hugeuka kuwa mweusi. Mtu aliyemwona akiwa Greenland mwezi wa Juni angeweza kudhani ni ndege mwingine akimkuta Antaktika mwezi wa Desemba.

Kitu kingine anachohitaji msafiri wa baharini ni maji ya kunywa. Mwanadamu akinywa maji ya bahari kiu humzidia, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuiondoa chumvi yote hiyo. Buabua, kama ndege wengine wengi wa baharini, ana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi kutoka katika damu na kuitoa kupitia matundu ya pua. Kwa hiyo bahari ni njia yake, ni ghala lake la chakula na ni mtungi wake wa maji.

KWA NINI ANASAFIRI?

Jibu la swali hili lipo katika mwanga wa jua. Mtoto aliyezaliwa Mombasa, Nakuru au Kisumu amezoea siku yenye saa kumi na mbili za mchana na saa kumi na mbili za usiku, Januari hadi Desemba. Ndiyo maana Waswahili waliweza kuhesabu saa zao kwa kufuata jua: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya jua kutua.

Hesabu hiyo haiwezekani karibu na ncha za dunia. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kidogo. Mwezi wa Juni, upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua, na katika sehemu za kaskazini kabisa jua halitui kwa majuma mengi. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: kaskazini huwa giza mchana na usiku, na Antaktika ndiko jua lisikotua.

Buabua wa Aktiki huwinda kwa macho, hivyo mwanga kwake ni sawa na riziki. Mwanga mwingi pia huotesha mimea midogo sana ndani ya maji ya bahari. Mimea hiyo huliwa na viumbe wadogo, nao huliwa na samaki wadogo, ambao ndio chakula cha buabua. Kwa kuhama kutoka kaskazini hadi kusini, ndege huyu hupata majira mawili ya joto katika mwaka mmoja, na majira ya baridi kali humpita mbali. Inaaminika kuwa hakuna kiumbe mwingine anayeona mwanga wa mchana kwa saa nyingi kama yeye katika maisha yake.

NJIA YA KUSINI

Ifikapo mwezi wa Agosti, makinda wakiwa wamekwisha kujifunza kuruka, buabua wa Greenland huanza safari. Hawaendi moja kwa moja. Kwanza husimama katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini kwa muda unaokaribia mwezi mmoja, mahali ambapo maji ya baridi hukutana na ya joto na samaki huwa tele. Hapo hula na kujiwekea akiba ya mafuta mwilini, kama abiria anayenunua vyakula kituoni kabla ya basi kuingia nyika.

Kisha hushuka kusini wakifuata pwani ya Ulaya na Afrika Magharibi. Wakifika karibu na visiwa vya Cape Verde, njia hugawanyika. Baadhi huendelea kando ya Afrika, na wengine huvuka bahari na kuifuata pwani ya Brazil. Makundi yote mawili hukutana tena katika bahari za Antaktika, hasa Bahari ya Weddell, mwishoni mwa Novemba.

Huko hukaa takriban miezi mitano. Hula uduvi wa bahari za baridi ambao hupatikana kwa wingi kando ya barafu, na hupumzika juu ya mapande ya barafu yanayoelea. Pia hunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya, kwa maana hakuna msafiri anayeweza kutegemea tanga lililochakaa.

Katikati ya Aprili hugeuza mwelekeo. Safari ya kurudi ni ya haraka: siku 40 hivi, wakienda wastani wa kilomita 520 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya umbali wa barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi, kila siku, kwa zaidi ya mwezi mzima.

Njia ya kurudi hupinda kama herufi S kubwa iliyochorwa juu ya Atlantiki. Mtu akitazama ramani atadhani ndege wamepotea. La hasha! Katika Atlantiki ya Kusini pepo kuu huzunguka kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, na katika Atlantiki ya Kaskazini huzunguka kwa kufuata mwendo huo. Buabua hufuata duara hizo ili upepo uwasukume kutoka nyuma. Manahodha wa majahazi waliotoka Uarabuni na Bara Hindi wakija Lamu na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi wangeielewa busara hiyo bila kuelezwa: njia ndefu yenye upepo mwema ni fupi kuliko njia fupi yenye upepo wa mbisho.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Kwa miaka mingi watu walikisia tu. Chombo cha kwanza cha kufuatilia ndege kilikuwa pete. Mwaka wa 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za chuma zenye nambari na anwani miguuni. Aliyemwokota ndege wa namna hiyo aliweza kuandika barua na kueleza alimpata wapi. Njia hiyo ilienea duniani na ingali inatumiwa hadi leo.

Pete zilileta habari za ajabu. Kinda mmoja wa buabua wa Aktiki aliyevishwa pete katika visiwa vya Farne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika majira ya joto ya mwaka wa 1982 kabla hajaweza kuruka, alipatikana Melbourne, Australia, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 22,000 katika muda wa miezi mitatu hivi tangu alipoondoka kiotani. Pete pia zilifichua umri wa ndege hawa. Wengi huishi miaka mingi, na wapo waliojulikana kufikisha miaka zaidi ya 30.

Hata hivyo, pete hueleza mwanzo na mwisho wa safari pekee. Kilichotokea katikati kilibaki fumbo hadi vyombo vidogo vya elektroniki vilipobuniwa. Mwaka wa 2007, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Carsten Egevang wa Greenland kiliwafunga buabua miguuni vyombo vyenye uzito wa gramu 1.4 tu. Vyombo hivyo havikutuma habari zozote. Kazi yake ilikuwa kupima mwanga na kuhifadhi saa ambazo jua lilichomoza na kutua kila siku. Kwa kuwa saa hizo hutofautiana kutoka mahali pamoja hadi pengine, wataalamu waliweza kukokotoa ndege alikuwa wapi siku ile.

Lakini ili habari zisomwe, ilikuwa lazima ndege yuleyule akamatwe tena mwaka uliofuata. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Buabua hurudi kuzaa mahali palepale alipozaa mwaka uliotangulia, na kwa tabia hiyo watafiti waliweza kupata habari za safari za ndege 11.

Matokeo yalipochapishwa Januari 2010 yaliwashangaza wengi. Kwa wastani kila ndege alikuwa amesafiri takriban kilomita 71,000 katika mwaka mmoja, karibu mara mbili ya mzingo wa dunia kwenye ikweta. Ndege anayeishi miaka 30 huenda akasafiri zaidi ya kilomita milioni mbili, mwendo unaokaribia kwenda mwezini na kurudi mara tatu.

Rekodi hiyo haikudumu. Utafiti uliofanywa kuhusu buabua wa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha wastani wa kilomita 90,000 kwa mwaka. Ndege hao walipita Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, wakaingia Bahari ya Hindi na kuelekea mashariki kabla ya kushuka Antaktika. Mmoja wa visiwa vya Farne aliyeondoka Julai 2015 na kurejea Mei 2016 alikuwa amesafiri kilomita 96,000. Naye pia aliipita Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga fukwe za Diani na Malindi, ingawa upande wa kusini wa mbali.

CHAKULA NA UWINDAJI

Buabua hula samaki wadogo, uduvi na wadudu. Huruka chini chini juu ya maji, kichwa kikiwa kimeinama, akichunguza. Akiona samaki husimama angani papo hapo huku mabawa yakipigapiga, kisha hujitupa majini mdomo ukitangulia. Hazami sana, mara nyingi haendi chini zaidi ya nusu mita. Sekunde moja au mbili baadaye huwa hewani tena, akijikung'uta maji.

Udhaifu wake mkubwa umo katika ustadi huohuo. Yuko ndege anayeweza kumfuata samaki kilindini, lakini buabua hawezi. Samaki wakishuka kina kirefu kidogo tu kwa sababu maji ya juu yamepata joto, yeye hubaki akizunguka juu ya bahari iliyojaa chakula asichoweza kukifikia.

Kaskazini mwa Ulaya chakula kikuu cha makinda ni samaki fulani wadogo wembamba kama mkunga, ambao hujifukia mchangani chini ya bahari. Kuwako au kutokuwako kwa samaki hao ndiko huamua kama mwaka ni wa neema au wa msiba.

NDOA, KIOTA NA MAKINDA

Buabua huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Dume hutafuta mchumba kwa kubeba samaki mdomoni na kuruka naye juu ya kundi ili majike wamwone. Baadaye humlisha jike aliyemchagua. Hilo si pambo tu. Jike anayelishwa vyema hutaga mayai mazuri, na dume asiyeweza kumlisha mwenzake hawezi kutarajiwa kulisha makinda. Wenzi waliokwisha kupatana kwa kawaida huendelea pamoja mwaka baada ya mwaka.

Kiota chao hakina makuu. Ni kishimo kifupi katika mchanga, changarawe au nyasi fupi, pengine kikiwa na vipande vichache vya majani au kombe. Jike hutaga yai moja hadi matatu, aghalabu mawili. Mayai yana madoadoa meusi na ya kahawia yanayofanana mno na mawe, hata mtu aweza kuyakanyaga bila kuyaona.

Baba na mama hupokezana kuatamia kwa muda wa wiki tatu hadi nne. Makinda huanguliwa yakiwa na manyoya laini ya rangi ya mchanga, na katika siku chache hutoka kiotani na kujificha mawe yalipo. Wazazi huleta samaki mmoja mmoja, safari baada ya safari. Kwa kuwa jua la kaskazini halitui au hutua kwa muda mfupi, kazi hiyo huendelea karibu usiku na mchana. Wiki tatu hivi baadaye makinda huweza kuruka.

Si wote wanaofikia hatua hiyo. Kwa kawaida yai la kwanza huanguliwa mapema kuliko la pili, hivyo kinda wa kwanza huwa na nguvu zaidi. Chakula kikiwa kingi, wote wawili hukua. Kikipungua, mkubwa hupokea samaki na mdogo hukosa, akafa. Wazazi hawana namna nyingine. Wamepewa majuma machache tu ya kukamilisha malezi kabla ya jua kuanza kuwaaga.

UMOJA NI NGUVU

Buabua huzaliana kwa makundi, wakati mwingine ya maelfu. Ndege mwenye uzito wa gramu 100 hawezi kumshinda mbweha wa Aktiki, lakini mia mbili wakishuka pamoja wakipiga kelele na kudonoa kichwa, mbweha huona heri aende zake. Hawamwogopi mtu wala dubu wa barafu. Wageni wa visiwa vya Farne hushauriwa kuvaa kofia, kwa kuwa midomo ile myekundu hutoboa ngozi ya kichwa mpaka damu ikatoka.

Ndege wengine wanaujua ujasiri huo. Baadhi ya mabata wa baharini hujenga viota karibu na makao ya buabua ili nao wapate ulinzi bila malipo.

Makundi haya yana tabia moja ambayo imewavutia watazamaji wengi. Kelele za kundi zima hunyamaza ghafla, kisha ndege wote huinuka pamoja na kuruka kuelekea baharini, chini chini, bila sauti. Baada ya muda mfupi hurudi, na makelele kuanza upya. Tabia hiyo huonekana zaidi mwanzoni mwa msimu.

HATARI ZINAZOMKABILI

Mwanadamu alimdhuru buabua kwa njia nyingi. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, wanawake wa Ulaya na Marekani walipenda kofia zilizopambwa kwa manyoya, na hata kwa ndege wazima waliokaushwa. Buabua wengi wa aina mbalimbali waliuawa kwa ajili ya fasheni hiyo. Hasira dhidi ya biashara hiyo ndiyo iliyowafanya wanawake wa Uingereza kuanzisha mwaka wa 1889 chama ambacho leo ni shirika kubwa la kuhifadhi ndege nchini humo. Mwaka wa 1918 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda ndege wanaohama.

Huko Greenland watu waliokota mayai ya buabua tangu jadi kama kitoweo. Idadi ya ndege ilipoendelea kupungua, serikali iliharamisha uokotaji huo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatari kubwa zaidi leo ni njaa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, samaki wadogo walipoadimika katika bahari ya visiwa vya Shetland, Scotland, maelfu ya buabua walitaga mayai na kuangua, lakini karibu hakuna kinda aliyepona. Misimu ya namna hiyo ilirudi tena Shetland na Iceland baada ya mwaka wa 2000. Joto la bahari linaloongezeka huvuruga mahali na wakati wa kuzaliana kwa samaki. Uvuvi wa kupindukia, ambao huchukua samaki hao kwa tani ili kutengeneza vyakula vya mifugo na mafuta, huzidisha tatizo. Machi 2024, Uingereza ilipiga marufuku uvuvi wa samaki hao katika sehemu yake ya Bahari ya Kaskazini na katika maji yote ya Scotland ili ndege wa baharini wapate kula.

Ugonjwa nao haukuwaacha. Homa ya ndege iliyoenea Ulaya iliwafikia ndege wa baharini wa Uingereza mwaka wa 2022 na kusababisha visiwa vya Farne kufungwa kwa wageni. Mwaka uliofuata mamia ya makinda wa buabua wa Aktiki walikufa katika pwani ya Northumberland iliyo karibu.

Buabua wa Aktiki hajaorodheshwa miongoni mwa ndege wanaokaribia kutoweka, kwani makao yake ni mengi na yametapakaa. Hata hivyo idadi yake inapungua. Pia ndege anayezaa makinda wachache kwa mwaka huchukua muda mrefu kufidia hasara. Maisha marefu humsaidia: mzazi aliyekosa kinda mwaka huu aweza kumpata mwaka ujao. Lakini miaka mibaya ikifuatana, wazee hufa bila warithi.

JAMAA ZAKE WA PWANI YA KENYA

Buabua wa Aktiki si mgeni wa kawaida nchini Kenya, lakini jamaa zake wapo. Katika mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, na katika Hori ya Mida karibu na Watamu, makundi ya buabua wa aina kadhaa huonekana wakipumzika mchangani. Buabua waridi, mwenye wekundu hafifu kifuani wakati wa kuzaa, hutaga katika visiwa vidogo vya eneo la Kiunga na Kisite.

Hawa nao hutaga chini, pasipo kuta wala ua. Mtu mmoja anayetembea kisiwani bila hadhari huwainua wazazi wote, na mayai yaliyoachwa kwenye jua la pwani hayahitaji muda mrefu kuharibika. Kunguru, paka na panya walioletwa na binadamu huwa maadui wakubwa zaidi, kwa sababu visiwani ndege hawakuwa na haja ya kujihami dhidi yao.

Ndege wanaohama hawana pasipoti, na nchi moja haiwezi kuwalinda peke yake. Ndiyo sababu mwaka wa 1995 mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yaliafikiana kuhusu mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya mabara hayo. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoridhia, na buabua wa Aktiki yumo katika orodha ya ndege wanaolindwa.

Mwanafunzi anayezuru ufuo anaweza kutimiza sehemu yake bila gharama. Akiona ndege wametua kwa wingi mchangani, awazunguke badala ya kupita katikati yao. Akikuta yai chini, asiliguse. Akiona ndege aliyekufa, asimshike kwa mikono mitupu bali amjulishe mtu mzima, na iwapo mguuni mwa ndege huyo pana pete, nambari yake inakiliwe na kupelekwa kwa maafisa wa wanyamapori au Makavazi ya Kitaifa. Nambari moja iliyonakiliwa vyema huenda ikaeleza ndege huyo alizaliwa wapi, miaka mingapi iliyopita, na ni bahari zipi alizivuka kabla ya kuanguka katika ufuo ule.